Kizibo cha Juu

Sheria ya difu, ile nundu ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, ni moja, na huku magharibi kwetu inajulikana hata na watu wanaoendesha bila leseni: unafungua kwanza kizibo cha juu, cha kujazia oili, ndipo unafungua cha chini, cha kumwagia. Ukianza na cha chini halafu cha juu kikagoma, umebaki na gari lisilo na tone la oili na huna tundu la kulitilia. Hapo umekwisha, na mji wa karibu uko kilomita mia na sitini.

Lyle Prowse aliijua sheria hiyo vizuri kuliko alivyoijua siku ya kuzaliwa ya mkewe. Kwa hiyo Jumamosi ile, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu mlangoni mwa banda la kukatia manyoya, alipomwona Glenys akijilaza chali chini ya pikapu na spana ya ishirini na nne mkononi, alinyoosha shingo atazame spana inaelekea wapi. Ilikuwa inaelekea kizibo cha chini.

Moyo wa Lyle ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Glenys alikuwa amemwambia mapema, wakati akimlisha uji wa shayiri kwa kijiko, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja hali ya hewa.

"Leo naenda kwa dada Beryl, kule pwani, Yeppoon. Mafuriko ya pili yanashuka kutoka kaskazini. Kesho kivuko cha mtoni kinafunikwa na maji tena, na safari hii wanasema wiki tatu. Kwa hiyo ni leo au basi." Akamfuta kidevu. "Sirudi, Lyle. Hapa pamenitosha. Doug Stieler atapita saa kumi na moja jioni. Na Jumanne ndege ya madaktari inashuka kwenye uwanja wetu. Nimeweka nafasi moja ya kwenda nyumba ya wazee."

Lyle aliutema uji wote kwenye aproni yake. Glenys akaitazama aproni, akaenda kuibadilisha, akarudi na kijiko kile kile.

Kuna kitu kimoja tu Lyle alikiogopa duniani, nacho ni nyumba ile. Baba yake alifia mle ndani, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama mapipa ya takataka. Lyle mwenyewe ndiye aliyempeleka, akamwambia ni kwa wiki mbili. Mzee alikaa miaka minne, na katika miaka hiyo minne mwanawe alikwenda kumwona mara mbili, na mara ya pili alikuwa amefuata tairi mjini akaona apitie. Kwa hiyo alijua vizuri kabisa watu waliowekwa mle wanasahaulika namna gani. Alijua kwa sababu ni yeye aliyesahau.

Kiharusi kilimpata Septemba, katikati ya uzio, kikamwachia mkono wa kushoto, nusu ya uso, na maneno manne. "Ndiyo." "Hapana." "Chai." La nne lilikuwa tusi zito lisilofaa kuandikwa, na hilo lilitoka safi kuliko yote. Muuguzi alisema maneno mengine yanaweza kurudi akifanya mazoezi, akaacha kadi za picha: ng'ombe, nyumba, jua. Lyle alizitupa kadi zile moja moja kwa mbwa. Usidhani kiharusi kilimlainisha. Kuna watu ukiwatoa nguvu unakuta chini yake walikuwa na huruma iliyokosa nafasi, lakini Lyle hakuwa mmoja wao. Alikuwa akiita "Chai!" mpaka Glenys atoke bustanini na mikono ya matope, na chai ikiletwa anaimwaga makusudi, kisha anaita tena "Chai!" Ilikuwa ndiyo burudani yake pekee iliyobaki, na aliitumia vizuri.

Sasa alikuwa amekaa akihesabu hesabu yake. Pikapu haikuwa na shida nyingine ila difu ya nyuma. Mwezi Februari Glenys aliivusha kwenye mafuriko, maji yakiwa juu ya ekseli, kwenda kumchukulia yeye Lyle dawa za presha. Difu ikiwa ya moto ukaizamisha ghafla kwenye maji baridi, inavuta maji ndani kupitia kipumulio chake, kile kijitundu cha kutolea hewa juu ya ekseli. Kila mtu wa huku anajua: ukishavuka mto, badilisha oili ya difu. Tangu siku ile ilikuwa ikilia njia nzima, na kwa sauti ile isingefika Yeppoon, kilomita elfu moja na ushee. Ingesagika meno kabla ya nusu ya safari.

Basi hesabu ikawa nyepesi. Oili ikibadilishwa, mke anaondoka. Oili isipobadilishwa, kesho maji yanafunga kivuko, na wiki tatu ni nyingi. Beryl angechoka kusubiri. Kazi aliyoahidiwa Glenys kwenye duka la mikate la Beryl angepewa mtu mwingine. Ndege ya Jumanne Lyle angeikataa. Alikuwa na neno la kukatalia. Na Glenys angebaki kupika uji.

Na kulikuwa na jambo ambalo Lyle alilijua na aliamini mwanamke yule halijui. Kizibo cha juu cha difu ile hakifunguki. Hakijafunguka kwa miaka tisa.

"Joto leo," alisema Glenys kutoka chini ya gari. Alikuwa ameinyanyua pikapu yote, mbele na nyuma, ikakaa sawasawa juu ya stendi nne, kazi ambayo Lyle hakutegemea angeiweza. Pembeni aliweka beseni pana la kukingia oili, kopo la oili mpya lililokuwa likipata moto juani, na sanduku la mabati alilolifunga. Mizigo yake ilikuwa tayari imepangwa kwenye bodi la nyuma: masanduku mawili, mashine ya kushonea, na begi la kahawia la ngozi.

Lile begi lilikuwa la Lyle. Alilinunua mwenyewe mwaka alioshinda mashindano ya kukata manyoya. Akalikodolea macho. Mwizi huyu, alijisemea, hata begi langu analiiba.

Nzi walikuwa wamejaa upande wa uso wake uliokufa, wakitembea kwenye kona ya mdomo watakavyo. Glenys aliwaona. Zamani, maana yake wiki iliyopita, angewafukuza. Leo aliwaacha.

"Lyle," aliita. Alitoa kichwa chini ya gari, nywele za mvi zimeshika vumbi jekundu, akamtazama machoni. "Wewe ndiye fundi. Mimi ni mshika tochi tu. Nianze na hiki cha chini?"

Neno "Hapana" lilikuwepo. Nataka lieleweke hilo. Lilikuwepo kwenye ulimi wake, zima kabisa, alilitumia mara ishirini kwa siku.

"Ndiyo," alisema Lyle.

"Una hakika? Maana nimewahi kusikia watu wakisema ni cha juu kwanza."

"Ndiyo."

Glenys hakuondoa macho mara moja. Alibaki akimtazama kwa muda, kichwa kimelala kwenye vumbi, mpaka Lyle akadhani huenda ameona kitu. Kisha akasema "Haya," akarudi chini, na spana ikashika.

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Glenys katika banda lile ilikuwa kushika tochi. Chini ya gari ni giza hata saa sita mchana, na Lyle hakuwahi kununua taa ya kuning'iniza wakati ana mke. Alikuwa akipiga magoti kwenye zege, tochi mkononi, na sauti ya mumewe ikimtokea kutoka chini: "Tochi, zuzu! Mulika ninapotazama mimi, siyo unapotazama wewe! Una macho au matundu? Shika imara! Mwanamke gani anatetemeka kama amepandishwa na mashetani?" Majirani waliokuja kuomba spana walisikia wakacheka, maana Lyle alikuwa na kipaji cha kutukana, na ukiwa si wewe unayetukanwa, ni kweli inachekesha.

Halafu ukaja ule mwaka wa manyoya mabaya. Lyle alikuwa na hasira ya bei, akashika spana kubwa kidogo kuliko kizibo kwa uvivu wa kusimama kufuata ile ya kipimo, akaikandamiza kwa uzito wa mwili wote. Kichwa cha kizibo cha juu kikalika pembe zote, kikawa duara. Fundi yeyote mwenye akili angejilaumu mwenyewe. Lyle alilaumu tochi. Alitoka chini ya gari, akamrushia mkewe ile spana, nayo ikavunja mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia. Kwa daktari alisema kondoo dume alimbana Glenys kwenye zizi, na Glenys aliyekaa pale pale kitandani hakusema kitu. Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo mkono ule umepinda kwa nje.

Tangu hapo difu haikufunguliwa. Lakini ukutani bandani, pale Lyle alipoandika kwa chaki tarehe za kila oili aliyobadilisha, aliendelea kuandika "Difu" kila Juni, kwa mwandiko mzuri, ili asije akaulizwa. Hakuna aliyemwuliza. Mtu mwongo kweli kweli hudanganya hata ukuta.

Kizibo cha chini kililegea. Oili ikaanza kumwagika kwenye beseni, na haikuwa na rangi ya oili. Ilitoka nzito, nyeupe-kahawia, na mwisho wa kizibo, pale penye sumaku, palikuwa na ndevu za unga wa chuma ndefu kama za mbuzi. Glenys aliiacha mpaka tone la mwisho, akarudisha kizibo cha chini, akakikaza. Kisha akalivuta beseni mpaka kwenye miguu ya Lyle.

"Tazama, mzee. Chai yako." Akachovya kidole, akakinusa. "Ina maziwa na kila kitu. Ulisema ulibadilisha mwaka jana Juni, eti?" Akageuka kusoma ukuta. "Juni. Juni. Juni. Juni. Mwandiko mzuri lakini."

Lyle hakujali. Mwache aseme. Kitu alichokisubiri kilikuwa mbele, na mate yalimjaa mdomoni, yakamchuruzika upande ule usiohisi.

Glenys akachukua spana, akarudi chini, akaiweka kwenye kizibo cha juu. Ikateleza. Akaiweka tena. Ikateleza, na vidole vyake vikagonga chuma. Akajaribu spana ya bomba, ile yenye meno, nayo ikang'ata hewa kwa sababu mwili wa difu unaizuia isigeuke. Akachukua nyundo, akapiga mara tatu.

"Lyle," alisema, taratibu. "Hiki cha juu hakina pembe."

Hapo Lyle akacheka. Hakuwa amecheka tangu Septemba, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kimetokea upande mmoja wa uso, nusu kukohoa nusu kulia kwa punda, lakini kilikuwa cha furaha ya kweli. Akapiga paja lake zima kwa mkono wake mzima. Akatoa tusi lake, akalirudia, likatoka safi kama wimbo. Mbwa, Nugget, aliinuka kivulini akasogea mbali. Gari limekauka! Oili iko kwenye beseni, imeharibika, mpya haina pa kupita, na mto unajaa! Alimwona Glenys ametoka chini ya gari, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabega yameshuka, damu kwenye vidole, na aliona ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kuona.

"Cheka, mzee," alisema Glenys. "Cheka umalize."

Alifungua chupa ya chai, akajimiminia kikombe, akanywa. Hakumpa. Alimtazama akicheka jinsi mtu anavyotazama mvua kutoka ndani, bila haraka, mpaka kicheko kikapungua, kikawa pumzi tu, kikaisha. Nzi wakarudi mahali pao.

"Umemaliza?"

Kulikuwa na kitu katika sauti ile ambacho Lyle hakukipenda.

"Kilikuwa duara tangu mwaka wa manyoya mabaya," alisema Glenys. "Wewe ulidhani sikuona, kwa sababu nilikuwa chini nalia na mkono wangu. Lakini ilikuwa kabla ya spana kunifikia, Lyle. Nilikuwa nimeshika tochi. Uliniambia nimulike unapotazama wewe. Nikamulika unapotazama wewe, na nikaona ulichokiona. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikiona kila unachokiona. Hujawahi kufikiria hilo?"

Akanywa mwisho wa chai, akakung'uta kikombe, akafungua lile sanduku la mabati.

Ndani mlikuwa na bomba la kunyweshea kondoo dawa ya minyoo, lile la mkononi lenye mpini wa kubana na mpira unaoingia kwenye kopo. Kila nyumba ya kondoo inalo. Mdomo wake ni mwembamba na umepinda ili ufike kooni mwa mnyama asiyetaka. Glenys alilivisha kipande cha mpira laini kwenye mdomo ule, akaingiza mpira mwingine kwenye kopo la oili mpya, ambayo kwa jua la asubuhi ilikuwa imekuwa nyepesi. Kisha akaingiza mkono juu ya gurudumu la nyuma, mpaka mgongoni mwa ekseli, akakifungua kile kipumulio kidogo kwa vidole viwili tu. Alikilegeza tangu jana.

Lyle alielewa kabla mpira haujaingia kwenye tundu. Mahali maji yalipoingilia Februari, oili ingeingilia Machi.

"Difu yetu inachukua lita tatu na kidogo," alisema Glenys. "Imeandikwa kwenye kitabu cha gari, ukurasa wa mia na kumi. Ulikitia chini ya mguu wa meza isiyumbe, nikakitoa. Bomba hili linatoa mililita thelathini kwa mbano mmoja. Ni kama mibano mia na kumi. Nahitaji mwanga."

Alikiendesha kiti mpaka kwenye tairi la nyuma, akafunga breki zake, akaweka tochi kwenye mkono wa kushoto wa Lyle. Lyle aliitazama tochi. Akafungua vidole, tochi ikaanguka vumbini. Glenys akaiokota, akairudisha mkononi. Akaiangusha tena, na safari hii alitabasamu kwa nusu uso.

Glenys alikwenda ukutani, akarudi na kamba ya kufungia robota za majani, akaufunga mkono wa mumewe na tochi pamoja, mizunguko minne na fundo. Halafu akaunyanyua mkono ule, akauelekeza.

"Hapo. Usitikise."

Akaanza kubana. Moja. Mbili. Tatu. Alibana kwa ule mkono uliopinda, na kila mbano ulitoa mlio mdogo wa mfupa.

"Tochi, zuzu," alisema Glenys alipofika ishirini. Hakupaza sauti. "Mulika ninapotazama mimi."

Mkono wa Lyle ulianza kuuma kwenye thelathini na tano. Kwenye hamsini ulikuwa ukitetemeka, na mwanga ukicheza juu ya ekseli huku na huku.

"Una macho au matundu? Shika imara. Mwanaume gani anatetemeka kama amepandishwa na mashetani?"

Angeweza kuushusha mkono tu, akautupa mapajani na tochi yake. Kwenye sitini alifanya hivyo. Glenys aliacha kubana, akasubiri, na nzi wakatembea kwenye jicho la Lyle lisilofumba. "Mimi nina mpaka saa kumi," alisema. "Wewe una mpaka lini?" Na sijui ni nini kilichomfanya Lyle aunyanyue tena. Labda nzi. Labda ni kwamba mtu akiamrishwa kwa sauti aliyoibuni mwenyewe, hana tena ya kujibia. Aliunyanyua, akamulika, machozi yakimtoka jicho moja. Hayakuwa ya majuto, yalikuwa ya hasira. Angekuwa na mkono mwingine, spana ilikuwa karibu.

Mia na nane. Mia na tisa. Mia na kumi. Glenys aliongeza kumi nyingine za usalama, akarudisha kipumulio, akafuta kila kitu kwa gunia. Akaishusha pikapu stendi moja moja. Akaiwasha, akaizungusha uani mara mbili, mara ya pili haraka kidogo. Difu ilikuwa ikilia bado, lakini kwa chini, mlio wa mzee anayelalamika huku anatembea. Ingefika.

Saa kumi kasoro robo alinawa mikono na sabuni ya unga, akavaa kofia, akafungua mlango wa mbele. "Nugget," aliita, na mbwa wa Lyle, mbwa aliyelelewa na Lyle tangu hajafumbua macho, akaruka ndani bila kugeuka nyuma.

Halafu Glenys akafanya kitu ambacho Lyle hakukielewa. Alikwenda nyuma ya gari, akalivuta lile begi la kahawia, akalibeba kwa mikono miwili maana lilikuwa zito, akaja kuliweka chini kando ya kiti. Akakisukuma kiti mpaka kivulini. Akawafukuza nzi usoni pake, mara moja tu, kwa kiganja.

"Nilikuuliza, Lyle," alisema. "Mara mbili."

Akaingia kwenye gari, akaondoka. Tochi ilibaki imefungwa mkononi mwa Lyle, ikiwaka mchana kweupe, na yeye hakuwa na mkono wa pili wa kuizima.

Doug Stieler alifika saa kumi na moja kama alivyoahidi. Ni jirani wa kilomita arobaini, mtu mnene, mwema, anayeongea peke yake hata akiwa na watu. Alishuka kwenye gari lake akiwa ameanza kuzungumza tangu ndani.

"Nimepishana naye getini kwangu, amenipungia tu, hata hakusimama! Nikasema haya, ana haraka na mto. Nikamwona na mbwa. Nikasema lakini Lyle mbona simwoni? Nikadhani umelala kwenye kiti. Kumbe uko hapa!" Akasimama, akashangaa. "Mzee, tochi ya nini saa hizi? Na nani amekufunga namna hii? Ngoja, ngoja."

Akapiga goti, akaanza kuhangaika na fundo kwa vidole vyake vinene.

"Mimi kwa kweli nilijua nitakuta kuku tu. Maana Glenys aliniambia wiki iliyopita: Doug, pita Jumamosi saa kumi na moja. Ukimkuta Lyle, kaa naye mpaka ndege ya Jumanne. Usipomkuta, ujue nimekwenda naye kwa Beryl. Basi walishe kuku, funga geti, na ile nafasi ya ndege uifute. Mume wa Beryl ameshajenga mteremko wa kiti mlangoni na nini, nikajua mnakwenda wote. Nikamwambia, Glenys, kwani hujaamua? Akasema ataamua siku hiyo hiyo. Akasema kuna kitu anataka kukuuliza kwanza." Fundo likaachia. Doug akaizima tochi, akaliona begi, akalifungua kidogo. "Si ndiyo hili? Nguo zako. Wembe wako. Dawa zako zote zimepangwa. Alikufungia na kadi za picha, tazama, hizi hapa, ameziokota zote." Akamtazama jirani yake usoni. "Alikuuliza nini, mzee?"

Lyle alifungua mdomo. Mkono wake uliofunguliwa ulikuwa bado umeinuka, umenyooshwa kuelekea pale gari lilipokuwa.

"Hapana," alisema. Lilitoka safi kabisa. "Hapana. Hapana. Hapana."

"Sawa, sawa, kama hutaki kusema, basi," alisema Doug, akampigapiga bega. "Mambo ya mume na mke hayo."

Akaenda kuwalisha kuku.